Jinsi ya kutumia virusi vya farasi kusomea homa ya ini C ya binadamu

Muulize daktari yeyote wa ini kama mgonjwa wake wa hepatitis C aliambukizwa lini, mara nyingi atakwambia hajui, na mgonjwa mwenyewe hajui, maana kile kirusi cha HCV kinaingia kimya kimya, mtu anaendelea na shughuli zake, inapita miaka hata ishirini ndo anaanza kuvimba tumbo au anaenda kuchangia damu anaambiwa subiri kidogo tuongee. Sasa ishu ni kwamba mambo yote ya maana yanatokea kwenye zile wiki za mwanzo. Takriban watu 3 kati ya 10 kirusi kinatoka chenyewe ndani ya miezi sita bila dawa, waliobaki kinakaa moja kwa moja. Kwa nini huyu kimtoke na yule kimkalie? Ukitaka kujibu hilo lazima uwepo siku kirusi kinaingia, uwe unachukua damu kila baada ya siku chache na vipande vya ini juu yake, na hakuna binadamu utakayemfanyia hivyo.

Zamani walikuwa wanatumia sokwe, maana ndo mnyama pekee ukiacha binadamu ambaye HCV inamshika vizuri. Mwaka 1989 akina Michael Houghton walipokitambua hiki kirusi walianzia kwenye damu ya sokwe aliyeambukizwa. Lakini sokwe ni ghali, ni wachache, na tuseme ukweli, kumfungia mnyama wa aina ile kwenye chumba cha chuma miaka na miaka haikuwa sawa. Marekani wakaanza kubana mwaka 2011 na kufikia 2015 taasisi yao ya taifa ya afya, NIH, ikafunga kabisa. Panya wa kawaida HCV haimshiki. Kwa hiyo watu wakaanza kutafuta njia ya pembeni, badala ya kulazimisha kirusi cha mtu kiingie kwa mnyama, wakatafuta mnyama mwenye kirusi chake mwenyewe kinachofanana na hiki. Hapo ndo farasi akaingia. Naandika hapa jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kwa ajili ya mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, mtu wa maabara, au yeyote anayetaka kujua wenzetu wa Hannover kule Ujerumani, New York na jimbo la Washington kule Marekani wanafanyaje.

Kwanza jua kirusi gani unakitaka

Hapa wengi wanachanganya. Farasi ana virusi zaidi ya kimoja vinavyohusishwa na ini na si vyote vitakusaidia.

Unachokitaka kinaitwa hepasivirusi ya farasi (hepasivirusi ni ukoo wa virusi ambao HCV nayo imo), kwa kifupi EqHV, kwenye maandiko ya zamani utakikuta kama NPHV. Historia yake ni ya ajabu kidogo, mwaka 2011 walitangaza wamepata ndugu wa HCV kwenye mbwa waliokuwa wanaumwa mafua, watu wakashangilia, mwaka uliofuata timu iliyokuwa inatafuta kingamwili kwenye wanyama mbalimbali ikapima mbwa, sungura, paa, ng'ombe na farasi. Mbwa wakatoka kapa. Farasi 103 walipimwa, 36 walikuwa na kingamwili, na kati ya hao 36, 8 walikuwa na kirusi chenyewe kwenye damu. Yaani mwenye mali alikuwa farasi, mbwa inaelekea alikiokota tu. Kwa sasa kati ya hepasivirusi zote zinazojulikana EqHV ndo ya karibu zaidi na HCV, na zipo nyingi siku hizi, popo wanazo, ng'ombe wanazo, panya wanazo, hata mbega wa msitu wa Kibale kule Uganda wamekutwa na ya kwao.

Vinafanana kweli. Vyote ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi kama elfu tisa na nusu hivi, uzi huo unatengeneza protini moja ndefu ambayo inakatwakatwa kuwa protini kumi, mpangilio ni ule ule. Vyote vinapenda seli za ini. Na vyote vinajishikiza kwenye kipande kidogo cha RNA cha seli za ini kinachoitwa miR-122, HCV ina sehemu mbili za kujishikiza pale mwanzoni mwa jenomu, yaani ule uzi wake mzima wa RNA, ya farasi ina moja.

Cha pili ni parvovirusi ya ini ya farasi, EqPV-H. Hiki si ndugu wa HCV hata kidogo, ni DNA, lakini lazima ukijue kwa sababu kitakuharibia kazi. Stori yake inaanzia Afrika Kusini, Onderstepoort, ambapo Arnold Theiler alikuwa anachanja farasi dhidi ya ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, anawapa kirusi pamoja na seramu ya farasi waliopona. Baadhi wiki kadhaa baadaye wakawa wa manjano, wakachanganyikiwa, wakafa, ini limesinyaa. Aliandika habari hiyo mwaka 1918 na ugonjwa ukabaki na jina lake karne nzima bila mtu kujua kinachousababisha. Ikaja 2018, farasi mmoja wa Nebraska alikufa baada ya kuchomwa seramu ya pepopunda iliyotengenezwa kwa damu ya farasi wengine, wakachimba ndani ya ini na seramu yenyewe wakakuta hii parvovirusi. Walipopima farasi 100 wazima tu, 13 walikuwa nayo kwenye damu.

(Mtoto wa huyo Theiler, Max, ndo aliyepata Nobel 1951 kwa chanjo ya homa ya manjano. Na chanjo hiyo hiyo mwaka 1942 ilipochanganywa na seramu ya binadamu ililaza wanajeshi wa Marekani karibu 50,000 kwa hepatitis B. Baba kwa farasi, mwana kwa watu, kosa la seramu lile lile.)

Halafu kuna pegivirusi, zipo za aina mbili kwa farasi, zinaelea kwenye damu lakini ini zinaliacha kwa kiasi kikubwa. Zipime ujue zipo, endelea.

Pili, swali lako linamfaa farasi au halimfai?

Hapa usiruke. Farasi wengi wanaopata EqHV wanapona wenyewe ndani ya wiki au miezi, wachache ndo kinawakalia zaidi ya nusu mwaka. Kwa mtu ni kinyume. Kwa hiyo kama unataka kusomea ini kukakamaa baada ya miaka thelathini, au saratani ya ini, farasi hatakupa, utamaliza hela bure. Ila kama swali ni mwili unakitoaje kirusi cha aina hii, kinga inayobaki inazuia maambukizi ya pili kiasi gani, ini linaumizwa na kirusi chenyewe au na askari wa mwili wenyewe, chanjo ingepaswa kuamsha nini, basi huwezi kupata mnyama mzuri kuliko huyu. Na hayo ndo maswali yenye uhitaji. Dawa za kutibu HCV tunazo, vidonge vya wiki 12 vinaponya zaidi ya asilimia 95. Kinachokosekana ni chanjo. Ile iliyojaribiwa Marekani kwa watu wanaojidunga dawa za kulevya, matokeo yake yakatoka 2021, iliamsha kinga lakini haikuzuia kirusi kuwa sugu. Watu kama milioni 50 duniani wanaishi nacho na karibu milioni moja wanaongezeka kila mwaka, kwa hiyo vidonge peke yake utakimbizana navyo hadi lini.

Faida nyingine ya farasi ni ya kawaida tu ila kwenye maabara ni kubwa, damu. Farasi wa kilo 500 ana damu kama lita 40, ukichukua nusu lita hata hatashtuka, wakati panya mdogo mzima mzima hana hata mililita mbili. Kwa hiyo mnyama yule yule unamfuata miezi na kila mara unapata seli za kinga za kutosha kufanyia vipimo vyote.

Tatu, tafuta farasi na uwapime vizuri kabla hujamgusa yeyote

Kibali kwanza. Kamati ya maadili ya wanyama itataka kujua farasi wangapi, maumivu kiasi gani, na mwisho wa utafiti wanaenda wapi, na jibu la wanaenda wapi liwe zuri maana EqHV kwa kawaida haimuui farasi, wengi hata hawaonyeshi dalili, hivyo sioni sababu ya kumuua mnyama mzima kwa sababu tu daftari limejaa.

Kisha pima. Unahitaji makundi mawili, farasi safi ambao hawajawahi kukutana na kirusi, na angalau mmoja mwenye kirusi kwenye damu atakayekuwa chanzo. Vipimo ni viwili na lazima vyote viwili. PCR inakwambia kirusi kipo sasa hivi, praima, yaani vile vipande vifupi vya DNA vinavyokitafuta kirusi, zielekezwe kule mwanzo wa jenomu kwenye sehemu isiyobadilikabadilika, au kwenye jeni ya NS3, moja ya zile protini kumi. Kipimo cha kingamwili dhidi ya NS3 kinakwambia aliwahi kukipata. Ukifanya PCR peke yake utamwita farasi safi kumbe alishapona mwaka jana na ana kinga, halafu utakapomwambukiza kirusi hakishiki unabaki unashangaa. Farasi wa mbio, wale Thoroughbred, wamekutwa nacho mara nyingi kuliko aina nyingine, kwa hiyo kundi safi ni bora ulitafute kwingine, na chanzo ukitafute kwa hao Thoroughbred.

Na wote hao wapime EqPV-H. Wote. Farasi mwenye parvovirusi vimeng'enya vya ini vitapanda na wewe utaandika kwamba ni hepasivirusi imefanya. Hii ndo sababu tafiti za farasi na ini za kabla ya 2018 napenda kuzisoma taratibu, si kwamba waandishi walikuwa wazembe, hicho kirusi kilikuwa hakijulikani, hakuna aliyeweza kukipima.

Nne, kumwambukiza

Njia mbili. Ya kwanza ni rahisi, unachukua plazima ya farasi mwenye kirusi, unapima ina nakala ngapi kwa mililita, unamchoma farasi safi kwenye mshipa. Inafanya kazi, ndo walivyofanya Hannover na Washington. Ubaya wake plazima ni mzigo uliofungwa, ndani kuna kirusi unachokitaka pamoja na jamii yake yote yenye tofauti ndogo ndogo, pengine na abiria wengine usiowajua.

Ya pili ni ya maabara ya Charles Rice, yule aliyegawana Nobel ya 2020 na Houghton na Harvey Alter. Mwaka 1997 maabara yake ilitengeneza RNA ya HCV kwenye bomba la kioo ikaidunga moja kwa moja kwenye ini la sokwe, sokwe akapata hepatitis, na hapo ndo ikathibitika kwamba HCV peke yake inatosha kuleta ugonjwa. Mwaka 2015 wakarudia mchezo ule ule kwa farasi. Walisoma jenomu nzima ya EqHV mpaka mkia wake ambao ulikuwa haujulikani, wakatengeneza nakala safi, wakaidunga kwenye ini la farasi, kirusi kikapanda juu kwenye damu, kingamwili zikaja kwa kuchelewa. Uzuri wa njia hii ni kwamba unajua kila herufi uliyoingiza, hivyo kirusi kikianza kubadilika ndani ya mnyama unaona mabadiliko yote tangu siku ya kwanza. Ukiwa na uwezo fanya hii.

Weka na farasi wa kulinganishia ambao wanachomwa kitu kisicho na kirusi, wanakaa banda la aina moja, wanakula chakula kimoja. Majani yenye sumu tu yanatosha kupandisha vimeng'enya vya ini vya farasi.

Tano, kufuatilia, na hapa ndo penye kazi

Damu chukua kwenye mshipa wa shingo, mara mbili kwa wiki mwezi wa kwanza, baadaye mara moja kwa wiki, mpaka kirusi kipotee na wiki kadhaa zaidi ya hapo. Kila mara gawa: seramu kwa vimeng'enya na kingamwili, plazima kwa PCR, seli nyeupe zigandishe hai kwa ajili ya vipimo vya kinga. Seramu na plazima ziende friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kwenye vichupa vidogo vidogo, usigandishe kichupa kikubwa ukawa unakiyeyusha kila siku, RNA inaharibika.

Vimeng'enya, usipime kama unavyopima mtu. Kwa binadamu tunakimbilia ALT, kwa farasi ALT haisemi kitu cha maana kuhusu ini. Pima GLDH au SDH kuona seli za ini zinazokufa, na GGT kwa upande wa njia za nyongo. SDH haivumilii kukaa kwenye joto la chumba, kama maabara iko mbali tumia GLDH. AST inapanda hata farasi akichoka misuli, kwa hiyo ukiiona juu peke yake angalia kama jana alikimbizwa.

Kipande cha ini. Farasi anasimama, hapigwi nusu kaputi ya kulala, anapewa dawa ya kumtuliza mpaka kichwa kinashuka, mtu mmoja anamshika. Kabla ya hapo uwe umepima damu yake inaganda sawasawa. Unaenda upande wa kulia, kati ya mbavu ya 12 na ya 14 hivi, unatafuta ini kwa altrasaundi, na kwa farasi mzee utatafuta kweli maana ini la kulia huwa linasinyaa kadri anavyozeeka. Unanyoa, unasafisha, unachoma ganzi, unatoboa ngozi kidogo kwa kisu, halafu sindano ya biopsi unaiingiza karibu na ukingo wa mbele wa ubavu kwa sababu mishipa ya damu inapita ukingo wa nyuma, ukikosea hapo utaona damu. Kinachotoka ni kijiti chembamba cha rangi ya kahawia, sentimita moja au mbili, hakuna zaidi. Kigawe hapo hapo: kipande kwenye fomalini kwa ajili ya darubini, kipande kwenye maji ya kuhifadhia RNA, kipande kwenye barafu kavu. Kuamua kipi kiende wapi huku umekishika kwenye kibano ni kuchelewa, vichupa viwe vimeshaandikwa majina kabla ya sindano kuingia. Fanya kabla ya maambukizi, wakati kirusi kiko kileleni, wakati vimeng'enya vimepanda, na baada ya kupona.

Sita, kusoma ulichokipata

Chora mistari mitatu kwenye karatasi moja, kirusi, GLDH, kingamwili, uangalie nani kamtangulia nani. Kwa kawaida kirusi kinapanda mapema sana, kinakaa juu mpaka mamilioni ya nakala kwa mililita na ini limetulia kabisa. Halafu wiki kadhaa mbele ndo GLDH inapanda, na inapanda karibu na wakati kingamwili zinapojitokeza na kirusi kinapoanza kushuka. Maana yake ni kwamba kirusi chenyewe kinaishi ndani ya seli bila kuivunja, uharibifu unaletwa na mwili unapokuja kusafisha. Sokwe walionyesha mtindo huu huu, na wagonjwa wachache waliowahi kukamatwa mapema pia. Sasa rudi kwenye vile vipande vya ini vya wakati huo, tafuta seli T za aina ya CD8, wale askari wa mwili wanaoua seli zenye kirusi, zimeingia kiasi gani, jeni zipi zimewashwa, na linganisha farasi aliyepona haraka na yule aliyechelewa. Jibu la chanjo linatafutwa kwenye tofauti hiyo.

Angalia na miR-122. Kirusi kikiwa kingi kinaimeza, na jeni za ini ambazo miR-122 huwa inazizuia zinafunguka, hii imeonekana kwa farasi, na kwa kuwa miR-122 inahusika na mafuta ya ini na hata saratani si jambo la kupitia juu juu.

Baada ya kupona, subiri, kisha mwambukize tena, kwanza kwa kirusi kile kile, halafu kwa kingine cha ukoo tofauti kidogo. Hannover walifanya majaribio ya namna hii wakaona kinga ipo kweli kwa waliopona. Hapa ndo penye dhahabu kwa mtu wa chanjo, ila utahitaji farasi wa kutosha, wawili watatu hawakupi jibu.

Mtego wa maabara na njia ya mwenye mfuko mdogo

Seramu ya farasi inayouzwa kwa ajili ya kulishia seli imeshakutwa na EqHV na parvovirusi ndani yake. Ukiitumia kwenye chumba kile kile unachofanyia PCR ya EqHV unaweza kupata majibu chanya ambayo ni ya chupa, siyo ya farasi. Pima kila chupa mpya kabla hujaifungua kwa matumizi.

Kama huna hela ya kufuga farasi miezi minane, kuna njia nyingine. Tafuta maabara ya mifugo yenye friza la seramu za zamani zenye tarehe, upime farasi wale wale waliochukuliwa damu mara kadhaa, utakuta waliopata na kupona kati ya sampo moja na nyingine bila wewe kumwambukiza yeyote. Fuatilia farasi wajawazito pia, maana kirusi kupita toka kwa mama kwenda kwa mtoto kimeonekana Ujerumani ingawa ni mara chache. Hata punda wana hepasivirusi yao ya ukoo huu huu, na punda sisi huku tunao. Pia dawa ya sumu ya nyoka tunayotegemea kwenye hospitali zetu inatokana na plazima ya farasi. Hakuna kisa kinachojulikana cha mtu kuambukizwa EqHV, tusitishane, lakini wale farasi wa viwandani wanachomwa na kutolewa damu mara kwa mara, hivyo ni kundi zuri la kuomba ruhusa kulipima.

Na kama swali lako linahitaji wanyama hamsini waliokaa na kirusi mwaka mzima, hamia kwa panya. Hepasivirusi ya panya wakubwa wa mjini (Rattus norvegicus) ilipatikana New York mwaka 2014, kwa panya hao inakaa muda mrefu, na tangu 2017 wameweza kuiingiza hata kwa panya mdogo wa maabara, ni rahisi zaidi ingawa iko mbali zaidi na HCV kuliko ya farasi. Wengi siku hizi wanaanzia kwa panya kuchuja mawazo, kisha wazo moja au mawili yaliyobaki ndo wanayapeleka kwa farasi.